Jinzi imepanda bei: mzigo uko njiani, si kwenye pamba

Ukitaka kujua hali ya mfuko wa mwananchi wa Afrika Mashariki, uliza bei ya suruali ya jinzi. Dereva wa lori anayelala Malaba anayo. Mwanafunzi wa chuo wa Kampala anayo, fundi magari wa Bukavu anayo, na kijana wa bodaboda wa Kahama anayo pia. Nguo hii haichagui kabila, dini wala upande wa mpaka. Na kwa miaka michache iliyopita, kuanzia Kariakoo hadi Gikomba, kutoka Owino hadi Kadutu, lalamiko limekuwa moja: jinzi imepanda.

Mteja humlaumu mwenye duka. Mwenye duka humlaumu muuzaji wa jumla. Wa jumla huilaumu dola. Maofisa wa forodha husema wao wanafuata sheria. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini ni wachache wanaokaa chini wakaijumlisha hesabu yote. Kwa mfanyabiashara mdogo anayevuka mpaka, ambaye mtaji wake wote umo ndani ya marobota mawili, kutoijua hesabu hiyo ni kufilisika polepole huku akidhani anauza.

Makala haya yanaifuata jinzi tangu shambani hadi mpakani ili kuonyesha bei inaongezeka wapi. Jibu kwa ufupi ni kwamba pamba ina lawama ndogo. Jinzi ni nguo nzito, na gharama nyingi za njiani hupimwa kwa kilo.

PAMBA ILISHUKA, JINZI HAIKUSHUKA

Lawama ya kwanza huenda kwa pamba, na kuna sababu. Mei 2022 bei ya pamba katika soko la New York ilipita dola 1.50 kwa ratili moja, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2011. Lakini haikukaa huko. Kuanzia katikati ya 2024 ratili ilishuka hadi karibu senti 70, na mwaka 2025 ikaendelea kuzunguka hapo.

Sasa tazama suruali yenyewe. Robota la pamba la Marekani lina ratili 480, na hutosha kutengeneza jinzi zipatazo 215. Maana yake suruali moja hula ratili mbili na kidogo, yaani karibu kilo moja ya pamba. Pamba ikiwa senti 70 kwa ratili, kilo hiyo inagharimu kama dola 1.56. Ikiwa dola 1.50 kwa ratili, inagharimu kama dola 3.35. Tofauti kati ya mwaka mbaya kabisa na mwaka wa kawaida haifiki dola 2 kwa suruali.

Kama pamba ndiyo ingekuwa inaamua bei, jinzi ingeshuka kuanzia 2024. Haikushuka. Na mkulima wa Simiyu, Shinyanga au Kasese anayeuza pamba yake kwa kilo hajaiona nyongeza hiyo mfukoni mwake. Fedha imebaki kati yake na mvaaji.

UZITO NDIO SIRI YA JINZI

Kitambaa cha jinzi, kinachoitwa denimu, hufumwa kwa mshazari kwa nyuzi nene zilizobanana. Mita moja ya mraba ya denimu ya suruali huwa na uzito wa gramu 340 hadi 475. Kitambaa cha fulana nyepesi huwa na chini ya nusu ya hapo. Suruali ya mwanamume iliyokamilika, pamoja na zipu na vifungo vya chuma, mara nyingi hufika gramu 600 hadi 800. Ya mwanamke hupungua kidogo.

Uzito huo haukuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1873 Levi Strauss na mwenzake Jacob Davis walipewa hati ya ubunifu nchini Marekani kwa suruali za kazi zilizokazwa kwa vishikizo vya chuma kwenye mifuko. Ilikuwa nguo ya watu wa migodini na mashambani, na ilitakiwa idumu. Hadi leo mteja wetu anapoishika jinzi kwanza huipima kwa vidole. Ikiwa nyepesi anaiacha. Uimara ndio anaoulipia.

Kwa mfanyabiashara, uimara huo una bei yake njiani. Chukua robota la mitumba la kilo 45, ambalo ndilo la kawaida katika masoko yetu. Likiwa la jinzi, ndani utahesabu vipande 65 hadi 75. Likiwa la fulana, utahesabu 225 hadi 300. Uzito ni uleule, mchukuzi ni yuleyule, nauli ya lori ni ileile.

Tuseme gharama zote za njiani, kuanzia ghala hadi kibandani kwako, zinafika dola 1 kwa kilo. Robota linabeba dola 45. Kwenye fulana 250, kila moja imebeba senti 18. Kwenye jinzi 70, kila moja imebeba senti 64. Gharama za njiani zikipanda maradufu, muuzaji wa fulana anaongeza senti 18 kwa kila kipande na mteja hata hatambui. Muuzaji wa jinzi anaongeza senti 64, na mteja anapiga kelele.

Hii ndiyo sababu kila msukosuko wa mafuta, kodi au usafiri huonekana kwenye jinzi kabla ya kuonekana kwenye blauzi.

VIWANDANI NAKO MAMBO YAMEBADILIKA

Jinzi mpya inayouzwa Kariakoo au Eastleigh kwa kawaida imetoka China au Uturuki. Kwa China, jina linalojulikana na wanaosafiri ni Guangzhou, na kando yake mji wa Xintang, ambao kwa miaka mingi umeitwa mji mkuu wa jinzi duniani. Kwa Uturuki ni Istanbul, hasa mitaa ya Laleli na Merter.

Waliozoea kununua Istanbul wameumia zaidi. Kima cha chini cha mshahara nchini humo kilikuwa lira 2,826 kwa mwezi mwaka 2021. Mwaka 2025 kilikuwa lira 22,104. Wengine walidhani kwamba kwa kuwa lira imeanguka, bidhaa za huko zitakuwa rahisi kwa mwenye dola. Haikuwa hivyo. Ukigeuza kwa dola, mshahara ule wa mwanzo wa 2021 ulikuwa karibu dola 380, na wa mwanzo wa 2025 ulizidi dola 600. Jinzi ina mikono mingi ndani yake: kukata, kushona, kufua ili ipauke, kusugua ili ionekane imevaliwa, kupiga pasi. Mshahara ukipanda, jinzi hupanda kuliko nguo yenye mishono michache.

Bangladesh, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa jinzi Ulaya na Marekani, nayo ilipandisha kima cha chini cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kutoka taka 8,000 hadi 12,500 kuanzia Desemba 2023, baada ya maandamano makubwa. Hakuna anayeweza kumlaumu mshonaji kwa kutaka kula. Lakini enzi ya jinzi ya bei ya kutupa, iliyotegemea mshonaji asiyelipwa vizuri, inaelekea ukingoni.

BAHARI NA DOLA

Baada ya kiwanda huja bahari. Mwaka 2021, wakati wa mtikisiko wa UVIKO-19, wastani wa gharama ya kusafirisha kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia ulipita dola 10,000. Ulishuka baadaye. Kisha kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Kampuni nyingi za meli zikaikwepa njia hiyo na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Msomaji anaweza kusema: mzigo wa China kuja Mombasa na Dar es Salaam haupiti Bahari ya Shamu. Ni kweli. Lakini mitumba ya Ulaya ilikuwa ikipita huko. Na hata ya China iliguswa, kwa sababu meli inayozunguka bara zima huchelewa kurudi. Meli zikiwa chache na makontena yakiwa mbali, nafasi iliyobaki huuzwa ghali kwa kila mtu.

Kisha kuna dola yenyewe. Jinzi hununuliwa kwa dola hata inapouzwa kwa shilingi au faranga. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa shilingi 113 hivi za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160. Kuanzia katikati ya mwaka huo ikatulia karibu na 129. Kwa jinzi ya dola 8 ya bei ya jumla, hiyo ni shilingi 904, kisha 1,280, kisha 1,032.

Hapa wateja wengi waliuliza swali la haki: shilingi ilipoimarika, mbona bei haikurudi? Sababu ni kwamba mzigo uliokuwa dukani ulinunuliwa kwa dola ya 160. Aliyekopa alikuwa bado analipa deni la wakati ule. Na ghala lilipokwisha, nauli na kodi zilikuwa zimeshapanda zikalijaza pengo. Bei hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

Kwa majirani hali haikuwa tofauti sana. Dola iliyokuwa faranga 1,030 hivi za Rwanda katikati ya 2022 ilipita faranga 1,400 mwaka 2025. Jinzi ileile ya dola 8 ilitoka faranga 8,240 ikapita 11,200, bila muuzaji kuongeza hata faranga moja ya faida.

ASILIMIA 35 YA MPAKANI

Tangu Julai 1, 2022, ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Nguo zilizokamilika ziliwekwa kwenye kile cha juu kabisa. Kabla ya hapo kiwango cha juu cha kawaida kilikuwa asilimia 25.

Tupige hesabu ya jinzi mpya inayofika Mombasa ikiwa na thamani ya dola 5, bima na nauli ya meli zikiwa ndani. Ushuru wa asilimia 35 ni dola 1.75. Kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya, asilimia 16, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru: dola 1.08. Ada ya tamko la uingizaji, asilimia 2.5, ni kama senti 13. Tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ni senti 10. Jinzi ya dola 5 imekuwa dola 8 na senti kadhaa, na bado haijatoka bandarini. Hapo hujalipa wakala, ghala wala lori.

Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Kongo ni asilimia 16. Kwa hiyo picha haibadiliki sana popote unapoingilia.

Zaidi ya hapo, kila mwishoni mwa Juni Gazeti Rasmi la Jumuiya hutangaza nchi zilizoruhusiwa kutoza tofauti na kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja. Nguo na vitambaa ni miongoni mwa bidhaa zinazoguswa mara nyingi. Ndiyo maana mzigo uleule unaweza kulipiwa namna moja Mutukula na namna nyingine Rusumo. Mfanyabiashara anayetumia hesabu ya mwaka jana kununulia mzigo wa mwaka huu anajitafutia msiba.

KILO INAPOGEUKA KODI

Baadhi ya nchi hupenda kutoza nguo kwa kilo badala ya asilimia, au kuchagua kati ya hizo mbili ile inayoleta fedha nyingi. Hoja yao ni nzito: waagizaji wengi huandika thamani ya uongo kwenye ankara, lakini mzani haudanganyi. Kwa jinzi, hata hivyo, mzani ni adui.

Tuseme kodi ni dola 3 kwa kilo. Jinzi ya gramu 650 italipa dola 1.95. Kama ni jinzi ya dola 10 ya mtu mwenye uwezo, asilimia 35 ingekuwa dola 3.50, hivyo kilo ni nafuu. Kama ni jinzi ya dola 3 ya mtu wa kawaida, asilimia 35 ingekuwa dola 1.05, hivyo kilo karibu inaizidisha mara mbili. Mvaaji wa bei ya chini anabebeshwa mzigo mkubwa kuliko tajiri.

Wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka Aprili 2024, lalamiko kuu lilikuwa mfumo wa ankara za kielektroniki wa EFRIS. Lakini kando yake kulikuwa na kilio hiki cha nguo na vitambaa kutozwa kwa kilo.

Mfano ulio wazi kabisa ni Rwanda. Katika ushuru wa pamoja, mitumba hutozwa asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kile kitakachokuwa kikubwa. Kwa robota la kilo 45, kima cha chini ni dola 18. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Robota lilelile likawa dola 112.50. Gawanya kwa jinzi 70: senti 26 kwa suruali kwenye kiwango cha pamoja, dola 1.61 kwenye kiwango cha Rwanda. Marekani ilikasirika, na Julai 2018 ikaisimamishia Rwanda nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kigali haikurudi nyuma. Kilichoongezeka ni njia za panya kutoka upande wa Kongo, watu wakivuka usiku wamevaa suruali tatu au nne moja juu ya nyingine.

Anayepita njia hizo anajua bei yake. Akikamatwa mara moja, faida ya safari kumi imekwenda.

MTUMBA SI ULE WA ZAMANI

Kwa miaka mingi mtumba ndio uliokuwa kimbilio jinzi mpya ikipanda. Sasa kimbilio hilo nalo limebanwa.

Siasa imechangia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kuuondoa mtumba hatua kwa hatua. Kenya iliuzuia kuanzia Machi hadi Agosti 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza kuupiga marufuku Uganda. Kila tamko la aina hii, hata lisipotekelezwa, huwafanya wenye maghala kuficha mzigo na kupandisha bei.

Ubora nao umeshuka. Huko Ulaya na Marekani watu wamejifunza kuuziana nguo zilizovaliwa kupitia simu, kwa programu kama Vinted. Jinzi nzuri huuzwa hukohuko, na kinachobaki ndicho kinachofungwa. Isitoshe, jinzi nyingi za siku hizi zimechanganywa nyuzi za plastiki na mpira ili zivutike. Hizo hulegea magotini na kupasuka mapajani mapema kuliko denimu ya pamba tupu.

Muuzaji wa Gikomba ana maneno yake. Kamera ni zile za kwanza kuchaguliwa robota linapofunguliwa, safi kama mpya. Fagia ni masalia yanayouzwa kwa fungu. Zamani kamera ndizo zilizorudisha mtaji na nyingine zikawa faida. Kamera zikipungua, hesabu inapinduka.

Tuseme robota la jinzi 70 umelinunua kwa dola 200, na njiani umetumia dola 45. Jumla ni dola 245, sawa na dola 3.50 kwa suruali. Ukifungua ukakuta 15 hazifai kuuzwa, zilizobaki ni 55, na kila moja sasa imekugharimu dola 4.45. Bei yako imepanda kwa karibu dola moja bila serikali, dola wala bahari kuhusika. Uliinunua hasara ikiwa imefungwa kwa kamba.

INASHONWA NAIROBI, HAIUZWI KAMPALA

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Jinzi za Levi's na Wrangler zinashonwa hapa kwetu, katika viwanda vya maeneo maalumu ya kuuza nje vya Kenya. Maelfu ya wanawake huketi kwenye cherehani hizo kila asubuhi. Mbona basi jinzi hizo hazishuki bei Busia?

Kwanza, viwanda hivyo vilijengwa kwa ajili ya Marekani. Viliruhusiwa kuagiza kitambaa bila ushuru kwa sharti kwamba nguo zinatoka nje ya Jumuiya. Kanuni za Umoja wa Forodha haziruhusu kuuza ndani zaidi ya asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka, na hicho kinachouzwa ndani hulipiwa ushuru wote kama kimetoka ng'ambo. Machoni mwa forodha, jinzi ya Nairobi inayouzwa Kampala ni sawa na ya Guangzhou.

Pili, kitambaa chenyewe kwa sehemu kubwa kinatoka Asia. Pamba ya Kanda ya Ziwa ya Tanzania na ya Uganda husafirishwa nje kwa wingi ikiwa nyuzi ghafi, inasokotwa na kufumwa huko, kisha inarudi kama denimu ya kushonwa au suruali iliyokamilika. Imelipa nauli ya bahari mara mbili.

Hapo zamani haikuwa hivyo kabisa. Mwatex ya Mwanza, Urafiki ya Dar es Salaam, Kicomi ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret na Nytil ya Jinja zilisokota na kufuma pamba ya hapa. Nyingi zilidhoofika au kufungwa kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Rivatex ilifufuliwa na Chuo Kikuu cha Moi na kuzinduliwa upya 2019, na Nytil bado inafanya kazi. Lakini ukuta wa asilimia 35 uliwekwa ili kulinda viwanda, na kwa upande wa denimu, viwanda vya kulindwa ni vichache mno kuliko wavaaji. Mpaka vitakapokuwapo vya kutosha, anayelipia ukuta huo ni mvaaji wa jinzi, na anayekusanya lawama ni wewe unayemuuzia.

CHETI RAHISI HAKIFUNIKI KILA KITU

Wafanyabiashara wengi wamesikia habari za utaratibu rahisi wa biashara mpakani: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani bila malipo, na hakuna ushuru wa forodha. Ni utaratibu mzuri na unapaswa kutumiwa zaidi. Lakini unahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa.

Jinzi ya mtumba uliyoinunua Gikomba si bidhaa ya Kenya. Jinzi mpya uliyoinunua Kariakoo si bidhaa ya Tanzania. Kununuliwa katika nchi jirani hakuipi nguo uraia. Ukifika Namanga, Mutukula au Katuna, upande wa pili huihesabu kama bidhaa ya kutoka nje, hata kama ilishalipiwa ushuru ilipoingia bandarini. Wengi hugundua jambo hili wakiwa tayari kwenye foleni, mzigo ukiwa umeshashushwa. Uliza kwenye dawati la taarifa za biashara mpakani kabla ya kununua.

Kwa wanaoelekea magharibi, mambo ni mazito zaidi. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini mpakani mwake ofisi zinazodai malipo ni nyingi. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025, benki za mji huo zilifungwa na fedha taslimu ikawa adimu. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, hivyo mzigo uliokuwa ukienda Bujumbura kwa kupitia Rwanda ukalazimika kuzungukia Kabanga na Kobero. Kila kilomita ya ziada hulipwa, na jinzi, kwa uzito wake, hulipa zaidi.

HESABU YA KUFANYA KABLA YA KUVUKA

Kuna mambo ambayo mfanyabiashara hawezi kuyabadilisha: bahari, vita, mshahara wa Istanbul. Yapo anayoweza.

Kwanza, piga hesabu kwa suruali, si kwa robota. Jumlisha bei ya robota, nauli yako na ya mzigo, mchukuzi, wakala, ushuru, malazi na chakula. Gawanya kwa idadi ya zile utakazouza kweli, baada ya kutoa mbovu. Hiyo ndiyo bei yako halisi. Ukiuza chini yake, unauza mtaji.

Pili, pima kabla ya kulipa. Robota linaloitwa la kilo 45 likiwa na 42, umepoteza suruali nne au tano. Nunua kwa ghala lenye mzani na linalokubali kusikiliza malalamiko.

Tatu, changanya mzigo. Robota moja la jinzi likiandamana na la fulana au nguo za watoto hupunguza hatari. Jinzi ina faida kubwa kwa kipande lakini hufunga mtaji muda mrefu. Fulana hugeuka fedha haraka na kulipa chakula cha safari.

Nne, tafuta wenzako. Watu watano wakiweka mzigo kwenye gari moja na kumtumia wakala mmoja wa forodha aliyesajiliwa, gharama ya kila kilo hushuka. Na karatasi zikiwa safi, ofisa mwenye njaa hana pa kushika.

Tano, usiweke akiba ya kununulia mzigo katika fedha inayoanguka. Ukiuza kwa faranga au shilingi na utanunua kwa dola wiki ijayo, badilisha mapema, tena kwa duka la fedha lenye leseni.

Sita, kila Julai ulizia upya. Bajeti za nchi zetu husomwa Juni, na viwango vipya huanza Julai 1. Mwenye mzigo ulioagizwa Mei utakaofika Julai anahitaji kujua atalipa kiwango gani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, akaorodhesha kilo, vipande na senti, ataweza kumjibu mteja anayeuliza kwa nini jinzi imepanda. Muhimu zaidi, atajua ni lini aache kuinunua, ahamie nguo nyepesi kwa msimu mmoja, na airudie njia itakapopungua gharama.